Simu Kumi na Moja Mkekani

"Ni mimi niliyechagua," Fosia alisema. "Andika hivyo tumalize."

Inspekta Bonaya hakuandika. Sentensi hiyo alikuwa ameiandika mara tatu tangu jana, na haikuwa imemsaidia chochote. Alisukuma kikombe cha chai upande wa pili wa meza. Fosia hakukigusa. Alikuwa afisa wa mafunzo wa Warfa Visima, kampuni ya kuchimba na kusafisha visima hapa Garissa, na usiku uliopita alikuwa amelala kwenye sakafu ya seli akijifunika buibui lake mwenyewe.

"Ulichagua nini?"

"Mafunzo ya mtandaoni ya wafanyakazi. Nilichagua mabaya, mtu akafa."

"Na sahihi kwenye orodha ya waliopelekwa berkad?"

"Yangu."

"Ulijua Guled hana cheti."

"Nilijua."

"Ukampeleka."

"Nikampeleka. Unataka nikuimbie?"

Bonaya alikuwa polisi kwa miaka ishirini na saba, Mborana wa Wajir asiyependa maneno mengi wala kompyuta. Wahalifu aliowazoea walikana hata majina yao. Huyu mama alikuwa ameling'ang'ania kosa utadhani kuna mtu anataka kumpokonya. Hilo ndilo lililomkera tangu jana.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Siku tisa zilizopita, kando ya barabara ya Wajir, wafanyakazi wa Warfa walikwenda kusafisha berkad, lile hodhi la saruji linalochimbwa ardhini na kuezekwa mabati ili kuhifadhi maji ya mvua. Waliteremsha pampu ya petroli ndani ili kunyonya tope. Moshi wa pampu ukajaa humo. Mzee Aden alishuka kuiangalia, akaanguka. Guled, kijana wa miaka ishirini na sita, akashuka kumfuata. Aden alitolewa hai. Guled alitolewa maiti.

Kampuni ilikuwa na wafanyakazi kumi na wawili wa visimani. Wote walitakiwa kupita mafunzo ya usalama kwa simu kabla ya kiangazi. Kumi na mmoja walipita. Mmoja hakupita, naye ndiye aliyekufa. Basi kampuni ikasema, hakusoma, ndiyo maana. Mji ukasema Fosia alihongwa na wauza mafunzo. Na kiongozi wa mashtaka akasema, kesho saa tatu asubuhi, mahakamani, kusababisha kifo kwa uzembe. Fosia alikuwa na watoto wawili. Walikuwa kwa dada yake, wakiambiwa mama yao amesafiri kwenda Nairobi.

"Nisikilize kidogo," Bonaya alisema, akafungua taarifa ya Dagane, dereva aliyekuwa juu ya berkad siku ile. Akasoma taratibu. "'Guled aling'oa mabati mawili kwanza. Akajifunga kamba kiunoni. Akatupigia kelele kwamba mtu mwingine yeyote asishuke, hata yeye akianguka. Akashuka. Tukasikia pampu imenyamaza. Tulipovuta kamba, aliyekuja juu alikuwa Aden.'"

Aliifunga faili.

"Afungue hewa, ajifunge kamba, azuie wengine, azime mashini. Hayo nimeyasoma katika kitabu chenu cha mafunzo, ukurasa baada ya ukurasa. Watu kumi na mmoja wana vyeti. Wasiojua cha kufanya siku ile walikuwa wenye vyeti. Aliyejua ni yule mmoja ambaye hakusoma. Hebu nieleze hiyo, dada."

Fosia aligeuza uso ukutani.

"Ni mimi niliyechagua," aliuambia ukuta.

*

Khalif, meneja wa kazi wa Warfa Visima, alikuwa mtu wa kutabasamu kabla hujamwambia lolote.

"Inspekta, karibu, karibu. Lakini hii mambo si ilikwisha?"

"Haijaisha. Nipe faili ya kuchagua mafunzo."

Faili ilikuwa nene kuliko alivyotarajia. Fosia alikuwa ameanza na watoaji mafunzo saba na kuwachuja mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi yake. Huyu masomo yake yanataka mtandao wenye nguvu, na visimani hakuna. Huyu anafundisha usalama wa ofisini, habari za viti na waya za kompyuta. Huyu hakujibu barua. Mwishoni walibaki wawili.

"Hawa wawili wanatofautiana nini?"

"Moja, masomo ni sauti, Kisomali," Khalif alieleza. "Unasikiliza kwa simu. Halafu mwalimu anakupigia, mnaonana kwa video, anakuuliza, unajibu kwa mdomo wako. Mmoja mmoja. Vijana waliita ya kusema. Ya pili ni Kiingereza, maandishi na picha. Swali inakuja, unabonyeza jibu. Ukimaliza, cheti hapo hapo. Hiyo waliita ya kubonyeza."

"Mkanunua ya kubonyeza."

"Fosia alinunua," Khalif alisahihisha haraka. "Mimi ni mtu wa visima."

Kwenye karatasi ya mwisho, pale pa pendekezo, palikuwa pamepakwa rangi nyeupe ya kufutia, na juu yake pakaandikwa upya. Bonaya aliinyanyua kuelekea dirishani. Chini ya weupe aliweza kuyasoma maneno ya kwanza. *Ya kusema.*

"Eeh," Khalif alisema, akishusha sauti. "Mimi sisemi kitu. Lakini yule kijana anauza ya kubonyeza alikuwa anampigia Fosia kila siku. Kila siku, wallahi. Mwanamke hawezi kubadilisha maneno yake bure."

Huo ndio uliokuwa uvumi wa mji mzima, na Bonaya alikaa nao nusu saa, kwa sababu uvumi nao ni kazi. Fosia alikuwa amechapisha ujumbe wote wa yule muuzaji na kuutia kwenye faili, hata ule usio na maana. Bonaya aliusoma wote. Muuzaji alisifu, akabembeleza, akatuma picha za watu wanaocheka mbele ya kompyuta. Majibu ya Fosia yalikuwa karibu sawa kila mara. *Mna Kisomali? Mna Kisomali lini? Wazee wangu hawasomi Kiingereza, Kisomali kitakuja?* Mara ya tano hakuuliza tena.

Hivyo sivyo mtu anavyoongea na aliyemhonga. Bonaya alichora mstari juu ya neno *hongo* kwenye daftari lake.

"Sasa kwa nini alibadilisha?"

"Walipiga kura."

"Nani?"

"Wafanyakazi. Fosia huyo anapenda kuuliza watu. Walijaribu ya kusema wiki moja, ya kubonyeza wiki moja. Halafu akaweka mikebe miwili hapo nje, kila mtu anatumbukiza kifuniko cha soda. Kumi na moja kwa ya kubonyeza. Moja kwa ya kusema."

"Wangapi kati yao wanasoma Kiingereza?"

Khalif alifikiri. "Guled."

"Na nani?"

"Guled tu. Dagane anasoma vibao vya barabara."

Bonaya aliweka kalamu chini. Watu kumi na mmoja wasiojua Kiingereza wamewekewa masomo mawili mbele yao, moja kwa lugha ya mama zao na moja kwa Kiingereza, na wote wakachagua Kiingereza. Na yule mmoja aliyeweza kukisoma akachagua Kisomali.

"Hukuona ni ajabu?"

"Niliona ni haraka," Khalif alisema. "Wenye berkad walikuwa wanataka vyeti kabla ya kiangazi. Kila mtu alifurahi."

"Nionyeshe mtihani walifanya lini."

Khalif aligeuza kompyuta. Majina yalikuwa yamepangwa kwa saa. Bonaya alikopa karatasi, akayanakili yote kwa mkono, kwa sababu vitu alivyoviandika mwenyewe ndivyo alivyoviamini. Yote yalikuwa ya Ijumaa moja. Wa kwanza alianza saa nane na dakika tano mchana, akatumia dakika arobaini na moja, akapata themanini kwa mia. Wa pili alianza wa kwanza alipomaliza, akatumia dakika thelathini, akapata tisini. Wa tatu dakika ishirini na nne, mia kwa mia. Baada yake wote walipata mia kwa mia, wakifuatana, hakuna hata wawili waliokutana. Kumi na nane. Kumi na tano. Kumi na mbili. Wa kumi na moja alitumia dakika kumi na moja. Katikati palikuwa na pengo moja tu, dakika ishirini na tano, kuanzia saa kumi kasoro dakika ishirini.

"Swala ya alasiri," Bonaya alisema.

"Nini?"

"Hawa si watu kumi na mmoja. Huyu ni mtu mmoja anayerudia mtihani mpaka anauzoea, na aliondoka mara moja tu kwenda kuswali. Fosia alikuwa wapi Ijumaa hiyo?"

"Ofisi inafungwa Ijumaa saa sita. Mimi nilikuwa Wajir." Khalif hakutabasamu tena. "Lakini Fosia hawezi. Kila ukiingia, namba ya siri inatumwa kwa simu ya mwenyewe. Bila simu ya mtu mkononi huwezi kufungua mtihani wake."

"Basi mtu alikuwa na simu zao zote."

Bonaya alishuka hadi jina la mwisho. Guled. Alianza saa kumi na mbili na dakika nane jioni. Maswali mawili yamejibiwa, yote sahihi. Swali la tatu liko wazi. Halafu hakuna kitu.

"Hakurudi kumaliza?"

"Dirisha ya kufanya mtihani ilifungwa saa mbili usiku. Baada ya hapo mpaka mwezi ujao."

*

Aliyeishi na Guled alikuwa mama yake. Kama kampuni inasema kijana hakusoma, wa kuulizwa ni yeye.

Saado alikuwa ameketi chini ya turubai mbele ya nyumba yake ya mabati huko Bulla Iftin, mama mrefu, mkavu, tasbihi mkononi. Bonaya alivua viatu, akatoa rambirambi kwa Kisomali alichokulia nacho Wajir, na wakaendelea kwa lugha hiyo. Saado alimtilia chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa, akamsubiri anywe mara mbili kabla ya kumruhusu kuuliza.

"Hooyo, mama yetu, Guled aliwahi kukaa hapa akisoma masomo ya kampuni?"

Saado alimtazama utadhani ametukanwa.

"Walikuja watu wawili wa kampuni, matanga hayajaisha, wakaniambia mwanangu hakusoma. Hakusoma? Huyu aliyenimalizia mkaa wa siku nzima kwa chai? Ijumaa ile alitoka msikitini, hata wali hakuugusa, akaketi hapo ulipoketi wewe. Mpaka magharibi."

"Kwa simu yake?"

"Kwa simu zao!" Mama aliinuka, akaleta mkeka uliokunjwa, akautandaza mbele ya Bonaya na kuanza kuonyesha kwa kidole, moja baada ya nyingine. "Hapa simu ya Dagane, kioo kimepasuka. Hapa ile iliyofungwa mpira ili betri isidondoke. Hapa ya Keynan. Hapa ya mzee Aden, amebandika picha ya ngamia nyuma. Kumi na moja. Walimletea baada ya swala ya Ijumaa, kila mtu akamwekea mkekani na kwenda zake. Nami nikiwaambia kuku, tokeni, msikanyage simu za watu."

Bonaya alishusha kikombe chake polepole. Kwa miaka ishirini na saba watu walikuwa wamemficha ushahidi. Huyu alikuwa anamtandazia mkekani, kwa fahari.

"Alikuwa anawafanyia nini, hooyo?"

"Anawasomea! Tangu darasa la nne anawasomea watu. Ujumbe wa simu, karatasi za hospitali, barua za chifu. Nani mwingine awasomee? Wazee wanamletea, yeye anasoma, anawaambia. Hajawahi kumkatalia mtu." Macho yalimjaa, akayafuta kwa ncha ya shashi yake ya kichwani, bila haraka. "Alisoma kwa sauti, akibadilisha kwa Kisomali, mpaka nami nikashika. La kwanza, mashini ya moto haiingii shimoni. La pili, fungua hewa kabla hujashuka. Naweza kukusomea hata leo."

"Na la tatu?"

Saado alikunja uso akikumbuka.

"La tatu hakuwa analitamka. Akifika hapo ananyamaza, ananitazama, anabonyeza. Kila simu hivyo hivyo. Nikamuuliza, vipi hilo? Akasema, hilo halikuhusu, hooyo."

"Na simu yake mwenyewe?"

"Aliishika mwishoni kabisa, adhana ikalia. Akasema lazima awarudishie wazee simu zao pale msikitini. Akazibeba zote ndani ya kikapu changu cha soko." Alikunja mkeka taratibu, pembe kwa pembe. "Sasa nami nikuulize wewe. Wenzake wote wana vyeti. Cha mwanangu kiko wapi? Nakitaka. Nitakitundika hapo ndani."

Bonaya alisema ataulizia. Alisahau chai yake nusu, kitu ambacho si adabu.

*

Mzee Aden alikuwa kitanda cha mwisho wodini, kando ya dirisha. Alikuwa mtu wa Takaba, mchimbaji visima tangu ujana, mikono yake mipana ikiwa imelala juu ya shuka bila kazi. Kifua bado kilimbana akisema maneno mengi.

Bonaya hakuzunguka.

"Mzee, simu yako ina picha ya ngamia nyuma. Ijumaa ile ilikuwa kwenye mkeka wa Saado."

Aden alifumba macho. Muuguzi akaja kumtazama na kuondoka.

"Nilijua utakuja," alisema hatimaye. "Nilidhani utakuja siku ya kwanza."

"Kwa nini hamkuchukua ya Kisomali? Mngesikiliza wenyewe."

"Tulisikiliza. Ilikuwa nzuri." Alikohoa. "Halafu siku ya kujaribu, mwalimu akanipigia. Msichana, walaal, ndugu yangu, umri wa mjukuu wangu, kwenye simu kubwa ya Fosia, na wenzangu wote wamesimama nyuma yangu wakitazama. Ananiita adeer, yaani ami, kwa adabu kabisa. Ananiuliza, adeer, mwenzako ameanguka ndani ya berkad, hapumui vizuri, utafanya nini? Nikamwambia nitaingia nimtoe. Nini kingine? Akaniambia, hapana adeer. Ukiingia umekufa na wewe. Umefeli."

"Wenzako wakasemaje?"

"Walicheka. Siku nzima, ee marehemu, leta spana. Ee marehemu, chai hii hapa." Hakuwa anatabasamu. "Kila mtu akaogopa zamu yake ifike. Ndiyo tukatumbukiza vifuniko kwa ile nyingine. Ile haina mtu wa kukutazama usoni ukikosea. Tukasema, Guled atatusomea. Si ndiyo kazi yake siku zote? Hatukuona ni wizi. Yeye ndiye aliyeona. Alitumbukiza kifuniko chake kwa ya kusema, halafu akaja akatuambia, nileteeni simu zenu, lakini kwa sharti moja. Kila mmoja nitakaa naye nimweleze masomo kwa mdomo, mpaka ashike."

"Akafanya?"

"Watu saba. Alikaa nao mmoja mmoja, chini ya lori, wakati wa chakula." Aden alifungua macho. "Mimi aliniambia mara nne. Adeer, kaa kidogo nikueleze. Nikamwambia kesho. Mara nne nikasema kesho. Nimechimba visima kabla baba yake hajaoa, nitafundishwa shimo na mtoto? Asubuhi ile ile aliniambia. Nikamwambia, kesho, wallahi kesho."

Alianza kulia, mzee wa watu, bila kujificha uso. Bonaya alitazama dirishani akamwacha.

"Khalif alisoma vyeti akasema, Aden ana mia kwa mia, Aden asimamie pampu," mzee aliendelea baadaye. "Nami nikaona haya kusema sijui. Nikaishusha ndani, kama zamani tulivyoshusha ndoo. Ilipoanza kukohoa nikashuka kuitazama. Nilifumbua macho niko juu, kamba kifuani mwangu, fundo la Guled. Alikuwa ameifungua kiunoni mwake akanifunga mimi."

"Utaandikisha haya?"

"Lete wino niweke kidole. Na andika na hili." Alimshika Bonaya mkono, kwa nguvu ambayo Bonaya hakuitarajia. "Mimi kwa mdomo wangu nilisema nitaingia, nikaambiwa nimefeli. Yeye alibonyeza mara kumi na moja kwamba haingii. Akaingia."

*

Fosia aliisoma taarifa ya Aden akiwa amesimama. Alipofika kwenye alama ya kidole, aliketi.

"Uliyajua haya tangu lini?" Bonaya aliuliza.

"Jumatatu baada ya Ijumaa ile. Niliona saa zao kwenye kompyuta. Mtoto angeona." Aliiweka taarifa mezani. "Nikamwita Guled. Hakukana. Akasema, dada Fosia, ukiwafichua leo wanafukuzwa wote, wazee wenye wajukuu. Nipe mwezi mmoja, nitawafundisha mwenyewe. Nikampa. Dirisha la mtihani wake lilikuwa limefungwa, nikaandika barua wamfungulie, wakasema mwezi ujao. Nikasema basi, huyu anayajua kwa moyo, nikatia sahihi aende. Sikumpeleka mjinga kule, Inspekta. Nilimpeleka mwalimu wao."

"Na ungeenda jela bila kusema."

"Ningesema nini? Kwamba Guled alidanganya mtihani? Mama yake asikie sokoni kwamba mwanawe aliwapa watu vyeti vya uongo, kimoja kikamuua? Mji huu ungelisema hilo miaka ishirini." Alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu jana. "Nami nina kosa langu. Nilihesabu vifuniko nikafurahi. Nikasema wazee wamekuwa wa kisasa. Sikumuuliza hata mmoja, kwa nini?"

Bonaya alichukua kalamu. Safari hii aliandika. Aliandika mkeka, simu kumi na moja, pengo la alasiri, watu saba waliofundishwa chini ya lori na wanne waliobaki. Aliandika kosa la Fosia kama lilivyo, kunyamaza mwezi mmoja, na barua yake ya kuomba dirisha lifunguliwe akaibandika pembeni. Aliandika pia aliyemweka Aden kwenye pampu kwa kutazama karatasi tu. Kisha alimpigia simu kiongozi wa mashtaka na kumwambia kwamba kesho hapatakuwa na mshtakiwa, patakuwa na faili mpya. Walibishana kidogo. Bonaya alirudia sentensi hiyo hiyo mpaka upande wa pili ukachoka.

"Nenda kwa watoto wako," alimwambia Fosia. "Utaitwa. Utaeleza yote, na jina la Guled litatajwa. Siwezi kuliondoa."

"Najua."

Mlango ulifunguliwa. Saado aliingia na chupa ya chai na bakuli lililofunikwa kitambaa, vumbi la Bulla Iftin mpaka magotini. Alikuwa amekuja kwa miguu. Alimtazama Fosia, mwanamke ambaye mji mzima ulimwambia ndiye aliyemuua mwanawe.

"Nimesikia hujala tangu jana," alisema kwa Kisomali. "Kula."

Fosia alilipokea bakuli kwa mikono miwili akashindwa kulifunua. Saado akalifunua mwenyewe. Kisha akamgeukia Bonaya.

"Umekipata cheti?"

Kuna maswali ambayo polisi hufundishwa kuyajibu kwa kusema uchunguzi unaendelea. Bonaya alisimama.

"Hana cheti, hooyo."

"Alifeli?"

"Hakufeli. Aliwafanyia wenzake kumi na mmoja, wakapata wote. Kwa jina lake alijibu mawili, yote sawa. La tatu hakulijibu. Adhana ililia."

"Lile alilokuwa halitamki." Saado alisogea karibu. "Lilikuwa linauliza nini?"

Bonaya alimtazama Fosia. Fosia aliweka bakuli chini. Aliyajua masomo yote, ndiye aliyeyachuja. Aliligeuza lile swali kwa Kisomali, neno kwa neno, macho yake yakiwa sakafuni.

"Mwenzako ameanguka ndani. Juu hakuna msaada bado. Utamwacha, au utaingia?"

Vidole vya Saado vilihesabu punje tatu za tasbihi, vikasimama.

"Na jibu lao ni lipi?"

"Utamwacha," Fosia alisema. "Jibu sahihi ni kumwacha."

"Akawabonyezea wote hivyo."

"Wote kumi na mmoja."

"Na lake yeye likabaki wazi."

"Ndiyo, hooyo."

Mama alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kisha akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa na kumpa Fosia. Chai ilimwagika kidogo mezani, juu ya faili.

"Msiliache wazi," alimwambia Bonaya. "Andika na jibu lake. Alishalijibu."